Waliyosemezana Wazazi Wenu Mwaka Ule

Wanangu, nyinyi ambao Machi 2020 mlikuwa vyuoni, au mlikuwa mkingoja barua ya kwenda chuo, sasa mmekuwa watu wazima. Baadhi yenu mna watoto wa kunyonya. Baadhi mna kazi, baadhi bado mnaitafuta, na wako, najua, walio na muhula mmoja au karatasi mbili zilizobaki nyuma na hawataki mtu aziulize. Nawaandikia nyote, lakini hao wa mwisho ndio hasa walionikalisha chini.

Nilifundisha shule za sekondari za Mombasa hadi nikastaafu, na wengi wa wazazi wenu walipita mikononi mwangu kabla yenu. Ndiyo maana mwaka ule walikuwa wakinipigia simu. Chama chetu cha akina mama, kilichozoea kukutana nyumba kwa nyumba, kilihamia WhatsApp, na usiku, watoto wakishalala au wakidhaniwa wamelala, sauti zilikuwa zikiingia moja baada ya nyingine. Mimi nilizisikiliza, nyinyi hamkuzisikia. Wazazi wenu walisemezana mengi juu yenu ambayo hadi leo hawajawaambia, na nyinyi mna mengi mliyowaficha. Miaka imepita, na kimya kile bado kimekaa katikati ya nyumba nyingi ninazozijua. Nia yangu ni kukivunja.

Nianze na tarehe, kwa kuwa watu husahau upesi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Jumapili iliyofuata, Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi Ijumaa ya Machi 20 wanafunzi wawe wameondoka. Mlipanda mabasi na begi moja mkidhani ni likizo ya wiki chache. Vitabu, godoro, mtungi wa gesi, vyote vikabaki katika vyumba vya kupanga kule Juja, Njoro, Eldoret na Maseno. Kafyu ikaanza Machi 27. Aprili 8, kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale kukapigwa marufuku, na treni ya SGR ilikuwa imesimama siku iliyotangulia. Mei 6 Mji wa Kale ukafungwa peke yake ndani ya mji ambao tayari umefungwa, na Idi ikawakuta watu humo. Marufuku ya kusafiri kwa Mombasa iliondolewa Julai 7.

Jambo la kwanza nililolisikia katika sauti zile za usiku halikuwa ugonjwa. Lilikuwa kodi ya vyumba vyenu. Nyinyi mmelala nyumbani, mlango wa kule una kufuli, na mwenye nyumba anapiga simu kila mwanzo wa mwezi. Wazazi wakawa wanaulizana: tulipie chumba kisicho na mtu, au tuache vitu vya mtoto vitupwe nje? Wako waliolipa hadi Juni kisha wakashindwa. Wako waliokopa kwenye chama ili godoro na laptopu visiuzwe kufidia deni. Baadhi yenu mliporudi mkakuta kufuli jingine mlangoni, na mkalaumu nyumbani kwamba mama aliahidi kulipa. Ni kweli aliahidi. Alipoahidi, baba yenu bado alikuwa na mshahara.

Hilo la mshahara mlijionea kwa macho, lakini sidhani wengi wenu mlipima uzito wake. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi 25 na hazikurejea hadi Agosti 1. Pwani yetu inajulikana inavyokula: watalii wasipokuja hoteli hufungwa, na hoteli ikifungwa, haifungi mpishi na mhudumu peke yao, inafunga mvuvi, muuza mboga wa Kongowea, dereva wa tuktuk, mfua nguo, mchonga vinyago na kijana wa kupiga picha ufuoni. Walimu wa shule za binafsi walikosa mshahara shule zilipofungwa, na niliwaona wenzangu, watu wa shahada, wakiuza viazi karai nje ya nyumba zao. Mpishi mmoja wa hoteli kule Diani, aliyekuwa mwanafunzi wangu, aliambiwa aende likizo bila malipo. Alinipigia simu na akanieleza kuwa njaa angeivumilia; kilichomuumiza ni kwamba mwanawe wa mwaka wa tatu hakuwahi kumwona baba yake amekaa nyumbani saa nne asubuhi, siku ya kazi, hana pa kwenda.

Kwa hiyo yule baba aliyekuwa mkali mwaka ule, aliyezima taa mapema na kugombeza kila kitu, wengi wenu mlidhani amewachoka. Alikuwa akiona haya mbele yenu. Wanaume wa rika lake hawakulelewa kumwambia mtoto wa chuo kwamba sina. Basi waligomba badala ya kusema, na nyinyi mkafunga mlango wa chumba.

Nakuja kwenye bando, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zilipovurugika.

Darasa liliingia ndani ya simu. Mtu aliyesomea kwa chaki na ubao, ukimwambia mhadhiri yumo kwenye simu, atakuamini mara ya kwanza. Mara ya pili atakukuta unacheka na skrini. Mara ya tatu atakutuma dukani katikati ya mhadhara, nawe utanuna uende, usiseme neno. Wazazi walisemezana sana juu ya hili. Mmoja akasema mtoto wake ameliwa na simu. Mwingine akajibu kwamba wa kwake ndivyo hivyo hivyo, lakini siku moja alimchungulia akamwona anaandika kwenye daftari, basi pengine ni masomo kweli. Waliniuliza kila mara kama inawezekana mtu asomee uhandisi kwenye simu. Nikawajibu kwamba nadharia inawezekana, karakana haiwezekani, na kwamba mtoto anayelijua hilo hukata tamaa mapema kuliko mzazi wake anavyodhani.

Hata hivyo walilipa. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka ule, kutuma hadi Sh1,000 kwa M-Pesa hakukukatwa ada, na mimi naamini nusu ya bando zenu zilipita kwenye mwanya huo. Mama yuko sokoni, amepata mteja wa kwanza, anatuma Sh50. Shangazi Sh100. Mjomba mmoja wa Malindi, ambaye wapwa zake wana kinyongo naye mpaka leo kwa maneno aliyoyasema siku ya Idi, alikuwa akituma Sh200 kila wiki kwa mama yao na kumwomba asiwaambie. Hawakujua, kwa sababu ujumbe uliingia kwenye simu ya mama.

Wa Ganze na Kinango mlikuwa na taabu yenu ya pekee. Mlipanda vilimani na simu juani kutafuta mtandao. Zile baluni za Loon zilizoanza kurusha intaneti Kenya Julai 2020 zilihudumia magharibi na katikati ya nchi, hazikuelekezwa kwetu, na mwanzoni mwa 2021 mradi wenyewe ulivunjwa. Kuna baba wa kule ambaye alikuwa akimsindikiza binti yake mlimani kila jioni yenye mhadhara, anakaa mbali kidogo na panga lake, anangoja hadi masomo yaishe, kisha wanateremka pamoja kabla ya kafyu. Yule binti alimaliza. Sikutaja habari hii ili wengine mjione mna baba wabaya. Nimeitaja kwa sababu baba yule hakuelewa hata neno moja la somo lile, na hakuhitaji kulielewa ili akae pale.

Hapa niseme na wavulana. Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, na mihadhara mingi ilikuwa alasiri. Dada yako alikuwa na simu ameifunga kwenye kanga, sikio moja lina mhadhiri, macho yako kwenye sufuria ya kunde za nazi, na mikono inachapa unga wa kaimati. Wewe ulikuwa chumbani na mlango umefungwa, na nyumba nzima inaambiana ipunguze kelele kwa sababu kaka anasoma. Kwenye chama akina mama walisifu mabinti zao kwa kusaidia kazi, hadi mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba binti yake amefeli somo ambalo kaka yake amelipasi, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyemuuliza kwa nini. Kukawa kimya kirefu kwenye kundi usiku ule. Ewe kijana, kama dada yako alibaki nyuma mwaka ule, sehemu ya alama zako zilitoka kwake. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Na kama anataka kurudi kumalizia, changia karo yake kabla ya kuchangia harusi ya rafiki.

Wako wazazi walioanza kukosa usingizi kabla yetu sote. Mama mmoja wa Kisauni alikuwa na mwana Wuhan, anasomea udaktari. Mji ule ulifungwa Januari 23, 2020, wakati sisi hapa bado tunakumbatiana misikitini na harusini. Kwa wiki nyingi tulimliwaza kwa maneno tu, hatukujua tunamliwaza kwa nini. Wuhan ilifunguliwa Aprili 8, siku ile ile ambayo Mombasa ilifungwa. Tangu siku hiyo mwana ndiye aliyekuwa akimpigia mama yake kumpa moyo, kumwelekeza jinsi ya kuvaa barakoa, kumkataza kwenda sokoni asubuhi wakati wa msongamano. Mama alituambia kwamba hapo ndipo alipojua mwanawe amekua.

Wanafunzi wa vyuo vya Uchina waliokuwa wamekuja likizo nyumbani walipata mtihani mwingine. Uchina ilifunga mipaka yake kwa wageni mwishoni mwa Machi 2020, na viza za wanafunzi hazikufunguliwa tena hadi Agosti 2022. Watu walisomea udaktari kwenye skrini, hawajamgusa mgonjwa. Mhadhara wa saa mbili asubuhi kule ni saa tisa usiku hapa kwetu. Mzazi akiamka kwa swala ya alfajiri anamkuta kijana macho mekundu, na mchana anamwona amelala, na majirani wanauliza kama yule mtoto wa Uchina amekuwa mvivu. Ole wa mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na la kuwajibu majirani.

Majirani na jamaa waliumiza watu sana mwaka ule kwa kulinganisha. Tanzania ilifunga vyuo katikati ya Machi na kuvifungua Juni 1, 2020. Kwetu Kenya tulirudisha wanafunzi kwa awamu kuanzia mwishoni mwa mwaka, wa mwaka wa mwisho wakitangulia. Uganda ilifungua, ikafunga tena Juni 2021, na vyuo havikurejea hadi Novemba 1, 2021. Mabinamu watatu walioanza pamoja, mmoja Tanga, mmoja Mombasa, mmoja Mbale, walimaliza miaka tofauti kwa sababu ya amri za marais watatu. Lakini kwenye harusi na matanga ukoo uliuliza mbona wa Tanga amemaliza, wewe je? Ukiulizwa hivyo tena, taja tarehe hizi na unyamaze. Akili yako haikupimwa na mpaka wa Horohoro.

Nisisahau jema mlilolifanya, maana nalo lilisemwa usiku ule ule. Kuna mvulana wa Likoni, mwaka wa pili wa uhasibu, aliyejiandikisha Kazi Mtaani. Awamu ya pili ya mpango ule, iliyoanza Julai 2020, ililipa Sh455 kwa siku kwa kufyeka, kuzibua mitaro na kufagia vichochoro. Baba yake alipita akamkuta ndani ya mtaro na koleo. Hakusimama, alipita kama hakumwona. Yule kijana, nimeambiwa, aliumia akidhani baba ameona aibu. Mama yake alitusimulia upande wa pili: mzee alifika nyumbani akakaa kitandani akalia, akasema kijana huyu ndiye anayenunua tokeni za stima ninazowashia taa. Nimemsihi yule mama amwambie mwanawe. Sijui kama amemwambia. Kama unasoma haya, ewe kijana, na ulikuwa na koleo mwaka ule, basi jua kwamba baba alikuona.

Sasa lile lililonikalisha chini.

Wapo kati yenu ambao hamkujiandikisha kwa muhula wa mtandaoni. Wapo waliojiandikisha na wasifanye mtihani, kwa sababu simu iliharibika, au bando liliisha katikati ya karatasi, au moyo ulikuwa umezimika na kitanda kilikuwa kimewashinda. Wengine, waliotoka mtihani wa KCSE wa 2019, walianza chuo kikuu sebuleni, hawajui mlango wa maktaba, hawajui sura ya mhadhiri, hawana hata rafiki mmoja wa kumuuliza. Mzazi alipouliza masomo yanaendaje, mkajibu kwamba yanaenda vizuri. Mara ya kwanza lilikuwa jibu la kumtuliza. Mara ya kumi likawa nyumba mnayoishi ndani yake.

Kisha mahafali yakaja. Mnajua mahafali yalivyo kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya ya mtandaoni Septemba 25, 2020, na kuna familia zilizovaa nguo za sikukuu zikakaa mbele ya skrini. Miaka iliyofuata watu wakarudi viwanjani, mabasi yakakodiwa, leso za jina moja zikashonwa, pilau ikapangwa. Na orodha ikatoka, na jina halimo. Najua nyumba moja ambamo kijana aliondoka asubuhi na suti aliyoshonewa, akisema anatangulia Nairobi, akaenda kujificha kwa rafiki Mtwapa. Mama alipata habari kwa mama wa mwenzake. Nilikwenda kukaa naye. Hakuizungumzia shahada kamwe. Alichouliza, na alikirudia mpaka nikakosa la kusema, ni usiku ngapi mwanawe alilala chumba cha pili akiwa na jambo lile peke yake.

Nawaambia siri ambayo pengine wazazi wenu hawatanisamehe kuitoa: wengi wao walikuwa wanajua. Si kwa undani, lakini walijua kuna jambo. Mama anamjua mwanawe aliyeacha kucheka mezani. Anahesabu sahani zinazorudi na wali. Anasikia mtu anayelala hadi adhuhuri, na anajua kwamba huo si usingizi wa uvivu. Kwenye sauti zile za usiku waliulizana: tumuulize? Na jibu lililorudi karibu kila mara lilikuwa kwamba usimuulize, utamvunja moyo, mngoje aseme mwenyewe. Nanyi kule chumbani mkasema: nisimwambie, nitamvunja moyo, amekopa kwa ajili yangu. Kila upande ukanyamaza kwa huruma juu ya mwenzake, na huruma hiyo ikawagharimu miaka. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha namna hii hutoka kwa watu wawili katika nyumba moja bila kusikizana.

Basi semeni. Nitawaelekeza namna, kwa kuwa nimekaa kwenye mazungumzo hayo na nimeona yanayofaulu na yanayoharibika.

Usiseme mezani mbele ya watu, wala kwa ujumbe wa simu. Mwendee mama sokoni, au kaa na baba baada ya alasiri wakati hana haraka. Usianze na sababu. Ukianza na bando na mtandao na mhadhiri, mzazi anasikia mtu anayejitetea, na moyo wake unafunga. Anza na jambo lenyewe: sikumaliza, nimebakisha masomo manne, sikukwambia, na imekuwa ikiniumiza. Kisha nyamaza. Mwache agombe kama atagomba. Mwache alie kama atalia. Sababu zitapata nafasi yake baadaye, naye mwenyewe ndiye atakayeziuliza. Na kabla ya kwenda kwake, uwe umeshajua kinachohitajika ili umalize na ni fedha ngapi, ili mazungumzo yawe na mahali pa kuelekea.

Ukishasema, muulize na yeye. Muulize mwaka ule alilipa vipi. Nani alimkopesha. Ni kitu gani aliuza. Usishangae ukisikia kwamba cherehani uliyoambiwa imepelekwa kutengenezwa iliuzwa. Wazazi wenu hawajaulizwa swali hili na mtu, na nimeona wanaume wazima wakizungumza saa nzima walipoulizwa na mtoto wao, wakati mimi mwalimu wao sikupata hata nusu ya maneno hayo.

Wengine mtasoma haya na mzazi hayupo. Mwaka ule tulizika kwa watu 15, ndivyo ilivyoamriwa, na wako waliokuwa upande wa pili wa kizuizi ambao hawakutia mchanga. Mliobaki na jambo ambalo hamkuwahi kumwambia marehemu, msilibebe kama deni lisilolipika. Mwendeeni aliyekuwa msiri wake: dada yake, rafiki yake wa baraza, jirani. Huyo ana maneno ambayo mzazi wenu alimwachia juu yenu bila kujua kwamba mtayahitaji.

Juu ya chuo chenyewe nitasema machache. Vyuo vina kikomo cha miaka ya kumaliza shahada, na kikomo hicho hakingoji mtu apate ujasiri. Kuna wanaoamini kwamba mlango umefungwa na hawajawahi kuuliza. Kuna wanaoamini uko wazi, na unakaribia kufungwa. Ikiwa kweli muda umepita, uliza kama masomo uliyofaulu yanaweza kuhesabiwa mahali pengine, na usidharau vyuo vya ufundi. Fundi wa umeme wa jua mwenye cheti anakula, na mtu wa mwaka wa nne asiye na karatasi anakaa kibarazani akieleza alikofika.

Na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haukusimama kwa sababu hukuhitimu. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya kutolipa ni Sh5,000 kila mwezi. Nimewaona vijana wanaozima simu kila nambari ngeni ikipiga. Faini inapanda simu ikiwa imezimwa. Waandikie, eleza hali yako, omba mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Wadogo zenu walioko vyuoni sasa hawana korona, lakini wamepitia migomo ya wahadhiri ya 2024 na 2025, na wana mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ambao umewachanganya wazazi hata hawajui nani analipiwa kiasi gani. Nawasikia tayari wakijibu kwamba mambo yanaenda vizuri, kwa sauti ile ile. Nyinyi mnaijua sauti hiyo kuliko mzazi yeyote. Muulize mdogo wako kwa jina la somo, muulize mtihani gani alifanya na lini, na akisita, usimshitaki. Mwambie yako kwanza.

Na wewe mwenye karatasi zilizobaki: mwambie mzazi wako wiki hii. Kisha mwende pamoja hadi ofisi ya msajili, na nambari yako ya usajili na matokeo yote uliyo nayo mkononi. Mkiambiwa mrudi kesho, rudini kesho. Mkiambiwa haiwezekani, ombeni jibu hilo kwa maandishi, lenye sahihi na tarehe, kisha mkate rufaa.